Bulyanhulu Inatufundisha: Video Bila Chanzo Ni Ubishi Tu

Makamanda, kabla hujasambaza hiyo video kwenye grupu, kumbuka Bulyanhulu.

Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa kwa nguvu Bulyanhulu, Kahama, mkoani Shinyanga, kupisha kampuni ya Kikanada. Mashimo yakafukiwa. Wanaapolo na ndugu zao walisema watu zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zikakana, na mwaka 2002 ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia ikasema madai hayo hayana msingi. Wanasheria wa LEAT waliodai tume huru, akiwemo Tundu Lissu, wakashtakiwa kwa uchochezi. Hata mkanda wa video uliotolewa ukaishia kubishaniwa.

Leo kuanzia Kakola hadi Nyarugusu kila kijana ana simu. Risasi zikilia mgodini au kwenye magwangala, video zinaruka ndani ya dakika. Swali ni lile lile la mwaka 1996: zitasimama mahakamani?

Zinaweza. Mwaka 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Mahmoud al-Werfalli, kamanda wa Libya, ikiegemea video zilizokuwa mitandaoni. Hapa kwetu, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinapokea ushahidi wa kielektroniki. Ila hakimu ataangalia umetengenezwaje, umetunzwaje na umetoka kwa nani.

Kwa hiyo tufanye hivi. Ukirekodi, onyesha mlima, mnara, bango, kitu chochote kinachotambulisha mahali. Taja tarehe na saa. Usikate wala kuongeza muziki. Tunza faili halisi sehemu mbili, maana video ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza taarifa zake za ndani. Linganisha mahali na picha za setilaiti, zipo bure. Na sura za mashahidi zisirushwe hovyo. Wao ndio watakaofuatwa usiku.

Wapo watakaosema huu ni woga, tuposti tu wananchi waone. Hapana. Ukiposti video ya nchi nyingine ukasema ni Geita, umempa mtawala kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao akufunge nacho, na umewazika waliouawa kweli mara ya pili.

Hasira tunazo za kutosha. Sasa tutunze ushahidi.