AFYA YA FAMILIA: Alisimama, Akacheza, Usiku Akatapika



Juzi, baada ya kikao cha wanawake kanisani, mama mmoja alinivuta pembeni. Kijana wake wa darasa la saba aligongana kichwa na mwenzake kwenye mpira. Hakuzimia. Alisimama, akajipangusa mchanga, akacheza hadi filimbi ya mwisho. Usiku akatapika na kulalamika kichwa. "Sista," akaniuliza, "hii si malaria?"

Swali hilo lilinichoma. Nilipokuwa ndiyo kwanza nimeanza kazi, katika zahanati moja, aliletwa mvulana mwenye dalili hizo hizo. Huku kwetu kichwa na kutapika ni malaria kabla hata hujafika mlangoni. Nilimtoa damu kidoleni, vijidudu havikuonekana, nikampa dawa ya maumivu arudi nyumbani. Sikumwuliza kama amegongwa. Jumamosi alirudi uwanjani, akapigwa kiwiko cha kichwa, akaanguka na kushikwa na degedege. Alipona, lakini alipoteza muhula mzima wa shule. Mama yake hunisalimia vizuri tukikutana sokoni, nami huona haya.

Ubongo ni laini, nao umo ndani ya fuvu gumu. Kichwa kikigongwa, ubongo hutikisika na kazi yake huvurugika, hata kama nje hakuna nundu wala damu. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Wengi wetu tunadhani ni lazima mtu azimie. Sivyo, walio wengi hawazimii.

Tarehe 13 Julai 2014, katika fainali ya Kombe la Dunia kule Rio de Janeiro, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa na bega la mpinzani usoni. Aliendelea kucheza. Baadaye akamwuliza mwamuzi, Nicola Rizzoli, kama mchezo ule ndio fainali yenyewe! Ndipo alipotolewa, dakika ya 31. Wale wana madaktari pembeni ya uwanja, na bado aliachwa acheze kama robo saa. Sisi tuna mwalimu mmoja mwenye filimbi, na mama aliye nyumbani.

Basi mama, kijana akirudi na habari ya kugongwa, mkalishe umwulize kwa upole: Mlicheza uwanja gani? Nani alifunga goli la mwisho? Mechi iliyopita mlicheza na nani, mkashinda? Kwa mdogo wa chini ya miaka 12, uliza kama sasa ni kabla au baada ya chakula cha mchana, na somo la mwisho darasani lilikuwa lipi. Akisitasita kwa jambo analolijua, au akipepesuka, akiona ukungu, akichukia mwanga na kelele, akawa mkali au mzito kuliko kawaida yake, chukulia kwamba ubongo umetikisika. Akijibu yote sawasawa bado mwangalie, maana dalili nyingine huja baada ya saa kadhaa. Na usitegemee aseme mwenyewe. Tangu mashindano ya taifa ya shule yalipofanyika Mtwara mwaka 2021, watoto wetu wanaiota UMITASHUMTA, na anayeumwa anajua ataachwa.

Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, mboni za macho zikitofautiana, maji au damu ikitoka sikioni au puani, au akiwa haamshiki, msingoje kuche. Mpelekeni hospitali. Shingo ikimwuma, asiinuliwe na kukokotwa ovyo. Malaria apimwe, lakini mwambie nesi kwamba aligongwa. Ni hayo hayo kwa aliyeanguka kutoka kwenye mwembe au bodaboda.

Wazee husema asilale. Akiisha kuangaliwa na mtaalamu na hana dalili za hatari, alale, ila mtu awe karibu naye. Parasetamo inatosha, asipirini hapana, yaweza kuzidisha kutoka damu.

Siku hiyo harudi uwanjani hata akilia. Siku moja au mbili apumzike: asibebe ndoo, asipande miti. Kisha atembee, arudi shule kwanza, halafu akimbie peke yake, acheze mpira bila kugongana, na mwisho kabisa mechi. Dalili zikirudi, arudi hatua moja nyuma. Mimi husema mechi isubiri wiki tatu, na aonwe tena na mtaalamu. Ubongo wa kijana ukipigwa mara ya pili kabla haujapona waweza kuvimba haraka na kumwua.

Yule mama alikwenda na mwanawe kituo cha afya asubuhi ile. Malaria hakuwa nayo. Mwalimu wa michezo alinuna, kwa kuwa Jumamosi kulikuwa na mechi na shule ya jirani, lakini mama hakulegeza. Nilipopita uwanjani nilimkuta kijana amekaa chini ya mkorosho, akilinda viatu vya wenzake, naye kanuna vilevile.