Aleji si ugonjwa wa Wazungu: tuandike karanga kwenye mfuko

Leo hatuna mapishi. Leo tunagomba, na tunaanza na nafsi zetu.

Sisi tunaosaga unga wa lishe huku Litumbandyosi, Mbinga, tulizoea kuandika kwenye mfuko jina, bei na namba ya simu. Kilichomo? "Mchanganyiko wa nafaka." Basi. Karanga, soya na dagaa tuliwaacha kimya humo ndani. Mteja wetu mmoja akamnywesha mwanawe uji. Midomo ikavimba, pumzi zikabana. Alipona, alhamdulillah. Tukazunguka duka kwa duka kuomba mifuko irudi, lakini mingine ilikwishapanda basi, hadi kwa dada zetu visiwani. Na mfuko wa wiki hii na wa mwezi jana ilikuwa sura moja, hauna tarehe wala namba.

Wapo wanaosema aleji ni ugonjwa wa Wazungu, bibi zetu walikula karanga wakazeeka. Bibi alitwanga mwenyewe, alijua alichotia kinuni. Mama wa leo ananunua kilichofungwa. Macho yake ni yale maandishi.

Wenye viwanda vikubwa nao huteleza. Kati ya mwisho wa 2014 na mwanzo wa 2015, Marekani bidhaa nyingi zilirudishwa kwa sababu uzile wa unga, huu huu wa pilau, ulikutwa na karanga zisizotajwa. Mwaka 2016 binti wa Uingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate wenye ufuta usioandikwa. Sheria yenye jina lake ilianza kazi Oktoba 2021. Sisi tunasubiri tuzike nani?

"Tukiandika karanga, wateja watakimbia." Atakayekimbia ndiye aliyepaswa kukimbia! Fundi cherehani haandiki saizi 12 kwenye gauni la 16. Na gauni likibana halimuui mtu.

Mtume (s.a.w.) alitia mkono kwenye lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini, akamuuliza muuzaji kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Nasi tuweke karanga zetu juu.

Tuandike kila kilichomo: karanga, soya, ngano, maziwa, mayai, samaki, korosho, ufuta. Kama mashine ni ya kijiji na inasaga karanga pia, tuseme. Tuweke tarehe ya kusaga na namba ya toleo, na tuandike daftarini duka gani limechukua mingapi, ili mfuko ukiwa na kasoro tujue pa kuufuata. Na TBS, waliokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, wasisubiri tuwafuate mjini. Waje watufundishe hapa mashineni.

Nanyi wanunuzi, mfuko usiosema kilichomo uacheni dukani, hata kama ni wetu.