Anayeziba Masikio Hadeki

Mtoto wa miaka mitatu anayeziba masikio spika inapofunguliwa harusini, anayevua sweta huku analia, anayetapika mlenda ukigusa tu ulimi, huhukumiwa upesi kuwa amedekezwa. Mhubiri mmoja alikwenda mbali zaidi redioni: dawa yake fimbo, tena mapema. Huo ni ujinga uliovishwa joho.

Kudeka kunahitaji mtazamaji. Anayedeka hulia huku akichungulia nani anamwona. Mwenye hisi kali huivuta lebo ya shati shingoni hata akiwa peke yake chumbani, mpaka ngozi ianze kuwasha. Tena humkera kitu kilekile kila siku: mshono wa soksi, kitana, harufu ya dagaa. Ubongo wake hupokea taarifa za milango ya fahamu kwa nguvu kupita kiasi. A. Jean Ayres, Mmarekani mtaalamu wa tiba kwa vitendo, aliyaeleza haya kitabuni mwaka 1972. Hofu ya kelele ilitajwa na daktari Leo Kanner tangu 1943, alipoandika kuhusu watoto wenye usonji, ingawa si kila mwenye hisi kali ana usonji.

Hoja ya wapinzani ni moja: zamani mambo haya hayakuwapo. Yalikuwapo, watoto hao waliitwa wakorofi wakachapwa. Na hiyo zamani haikuwa na spika zenye ukubwa wa kabati la nguo, zinazonguruma usiku kucha kwenye kumbi na nyumba za ibada bila mtu kuulizwa. Labda wahubiri wangeanza na hizo.

Fimbo humwongezea mguso na makelele mtoto ambaye tayari amezidiwa na vyote viwili. Kinachofaa ni rahisi: lebo ikatwe, soksi zivaliwe ndani nje, mlenda uwekwe pembeni ya sahani bila kulazimishwa. Kabla ya blenda kuwashwa, aambiwe. Harusini akae mbali na spika, na akizidiwa atolewe nje apumzike. Wapo wanaotulia wakikumbatiwa kwa nguvu. Wengine hawataki kuguswa kabisa, na mzazi hujua wake ni yupi.

Hali ikimzuia kula, kulala au kucheza, apelekwe hospitali apimwe masikio kwanza, kisha aonwe na mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Wataalamu hao hufundishwa hapahapa Tanzania, katika hospitali ya KCMC, Moshi. Mhubiri hahitajiki katika safari hiyo, wala fimbo yake.