Mkimbiaji wa Newala anunue nini kwanza?
Wadogo zangu mnaokimbia barabara ya Masasi kupanda Newala, msiharakie mashine za kukanda misuli. Kinachoumiza mapaja zaidi ni kule kuteremka: msuli unajikaza huku unavutwa, na maumivu hupamba moto kesho yake au keshokutwa. Beseni la barafu? Huku juu kwenye Uwanda wa Makonde maji yenyewe tunayahangaikia! Nunueni viatu vinavyowakaa vizuri, na chandarua kizima mpate kulala, maana hakuna kifaa kinachoushinda usingizi. Unyayo ukikaza, mpira wa tenisi unatosha. Ukanyage taratibu, uuzungushe kuanzia kisiginoni. Kuleni ugali na kunde mshibe, korosho tunazo. Pesa ikibaki, ndipo mfikirie soksi za kubana.