EKSTENSHENI SI KINGA

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Mzani wa dijitali wa ghala letu umeungua, mnajua wote. Mzani ule tuliununua kwa makato ya kila mwanachama ili mkulima aone kilo zake kwa macho yake mwenyewe. Sasa tumerudi kwenye mzani wa mshale, na maneno ya kupunjwa yamerudi nao. Siku hiyo hiyo kitongoji cha juu zilikufa televisheni tatu na friji moja. Watu wanasema eti ni bahati mbaya, umeme ulikuja mkubwa. Sisi tunakataa. Ni uzembe, na katika uzembe huo sisi viongozi tumo, tena wa kwanza.

Tulichofanya ni hiki. Mzani tuliuchomeka kwenye ekstensheni ya shilingi 8,000 yenye taa nyekundu, tuliyouziwa mnadani kwa jina la kinga ya umeme. Kamati ikaridhika, hakuna aliyeuliza swali. Baada ya hasara tukamwita fundi aifungue. Ndani mna nini? Waya nyembamba, vipande vya bati na swichi. Basi! Taa ile inasema umeme upo, haisemi kingine. Anayeuza kitu hicho kwa jina la kinga ni mlanguzi, hata akikuchekea na kukurudishia chenji kamili. Na jamani tusifichane: duka letu la ushirika nalo linaziuza hizo hizo mpaka leo.

Hebu tuelewane kwanza. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Unaua vyombo kwa njia mbili, na dawa zake ni mbili tofauti.

Njia moja ni pigo la ghafla. Radi ikipiga karibu na laini, volti maelfu hupita kwenye waya kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Pigo hilo hupunguzwa na kifaa chenye kidonge ndani, kimetengenezwa kwa zinki. Volti zikiwa za kawaida kidonge kinatulia. Zikizidi kinafungua njia ya pembeni zisifike kwenye chombo chako. Kidonge hicho kinachoka. Kila pigo linakila kidogo, mwisho kinakufa, na soketi inaendelea kutoa umeme kama kawaida. Kwa hiyo kifaa kizuri kina taa yake ya peke yake ya kuonyesha kwamba kinga bado ni nzima. Ikizimika, badilisha.

Njia ya pili ni umeme kuja mkubwa na kukaa hivyo. Waya wa nyutro ukilegea kwenye laini, nyumba nyingine zinaweza kupata volti za kuelekea 400. Hapo kidonge hakiwezi, kitaungua chenyewe. Inatakiwa gadi, ile wengi mnaita frijigadi. Volti zikipanda au kushuka kupita kiasi inakata. Zikitulia inasubiri dakika chache ndipo iruhusu. Friji inahitaji sana huko kusubiri.

Sasa mkumbuke siku ile. Hakukuwa na radi wala wingu. Umeme ulikatika, ukarudi, taa zikawa nyeupe pee halafu zikapasuka. Kwa hiyo kilichokosekana ghalani ni gadi. Wapo ndani ya kamati waliosema gadi ni anasa ya watu wa mjini, fedha zinunue magunia. Tunawauliza leo mbele ya watu: mzani mpya ni magunia mangapi?

Mkienda kununua, msitazame rangi ya boksi. Tafuteni alama ya TBS. Someni volti: ziandikwe 230, au 220 mpaka 240. Tulisoma kisomo ukubwani ili tusome na vitu kama hivi, siyo barua za watoto tu. Kinga ya mtumba iliyoandikwa 125 ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani. Ukiichomeka hapa kidonge kinapata moto, na inaweza kuwaka. Kinga ya pigo huandikwa nguvu yake kwa jouli. Kwa televisheni na redio chukueni ya 1,000 au zaidi, zile za mia mbili hazina maisha.

Halafu lipo jambo la ethi, waya ule unaoshuka ardhini. Kinga nyingi zinautegemea kutupa pigo. Nanyi mnachokonoa tundu la tatu la soketi kwa kijiti ili plagi ya miguu miwili iingie! Wengine ethi yao ilikatwa siku ya kupiga lipu, haikuungwa tena. Na radi ikipiga nyumba yenyewe, hakuna kifaa cha dukani kitakachokuokoa. Wingu likianza kunguruma kwa mbali, chomoa vyote, pamoja na waya wa dishi. Radi ikishafika juu ya nyumba usishike waya tena, umechelewa.

Tunataka mambo mawili yaamuliwe: ekstensheni za taa nyekundu zisiuzwe tena dukani kwetu kwa jina la kinga, na gadi ya ghala inunuliwe kabla mzani mpya haujafika. Mkutano ni Jumamosi saa 3 asubuhi, ghalani. Mwenye ekstensheni ya namna hiyo aje nayo, fundi ataifungua mbele ya watu.

Katibu wa Tawi