Kombe tulibeba, lakini Michigan je?
Sisi mashabiki wa Ohio State tuna swali gumu. Novemba 30, 2024, Michigan walitupiga 13-10 nyumbani kwetu Columbus, mara ya nne mfululizo. Walipojaribu kusimika bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikaruka na polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Wiki saba baadaye, tukaichapa Notre Dame 34-23 na kubeba ubingwa wa taifa.

Sasa, hii mechi bado ina uzito? Zamani ukiipoteza, mara nyingi msimu ulikuwa umekwisha. Tangu 2024 timu 12 huingia mchujo badala ya nne, so ukianguka Novemba unaweza kuinuka Januari. Wenye televisheni wanachekelea, mechi ni nyingi.

Lakini kombe halikufuta deni. Kocha Ryan Day aliendelea kuulizwa kuhusu Michigan hadi tulipowalipua 27-9 kwao Ann Arbor, Novemba 2025. Uhasama bado upo, jameni. Shida itaanza siku kocha atakapopumzisha nyota wake Novemba kwa sababu ana uhakika wa mchujo. Hapo tutakuwa tumeuza kitu ambacho kombe haliwezi kununua.