Wanne dhidi ya watano: makocha, acheni kuwafundisha watoto kutupa

Najua niliwaahidi sehemu ya pili ya ile makala ya kuhifadhi nakala za databesi, na itakuja. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu nirudi kutoka Minnesota, Marekani, nilikokaa kwa dada yangu miezi minne ya baridi nikifanya kazi ya mkataba. Ni jambo la hoki ya barafuni. Naam, hoki. Msikimbie bado.

Kwa wale wanaouliza Mkenya na barafu wapi na wapi: uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, pale Mombasa Road, Nairobi, ulifunguliwa mwaka 2005, na ndiko nyumbani kwa vijana wetu wa Ice Lions. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, na huko Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakavaa jezi wakacheza nao upande mmoja. Mimi mwenyewe nimeanguka Panari mara nyingi kuliko nilivyosimama, kwa hiyo siandiki kama bingwa. Naandika kama mtu wa programu aliyesimama nje ya ubao, kahawa mkononi, vidole vimekufa ganzi.

Mchezo wenyewe kwa ufupi. Kila timu ina wachezaji watano na kipa, na wanagombania kisahani cheusi cha mpira mgumu. Ukimkwaa mwenzako kwa fimbo au ukimshika, refa anakutoa dakika 2, unaenda kukaa kwenye kibanda cha adhabu, na wenzako wanabaki wanne dhidi ya watano. Wapinzani wakifunga kabla dakika hizo kwisha, unarudi uwanjani. (Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1955 Jean Béliveau wa Montreal alifunga magoli 3 ndani ya sekunde 44 huku Boston wakiwa pungufu, na mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa. Hebu fikiria kuwa hodari mpaka watu wanabadilisha sheria kwa sababu yenu!)

Sasa, dakika hizo mbili ndizo ninazotaka kuzungumzia. Wenyewe husema "kuua" adhabu. Mimi nitasema kuihimili.

Mpwa wangu ana miaka 12 na anachezea timu ya mtaa wao. Kila timu yao ilipobaki pungufu, kocha alikuwa na neno moja tu: "Tupa! Tupa!" Yaani ukikipata kisahani, usitazame, usifikiri, kipige kwa nguvu zote kiende upande wa pili wa uwanja. Jumamosi moja mpwa wangu alikipata kwenye kona ya nyuma, akainua kichwa, akamwona mwenzake katikati, akampa pasi. Fimbo ya mpinzani ikakigusa kidogo, kikabadili njia, goli. Kocha akamweka benchi mpaka mchezo ukaisha. Kwenye gari hakusema kitu mpaka tulipokaribia nyumbani, ndipo akaniambia, "Anko, ningekitupa tu." Halafu akauliza kama ni lazima aendelee kucheza msimu ujao.

Nisikilizeni vizuri. Yule kocha ni mtu mwema, anafika uwanjani kabla ya jua na halipwi hata senti. Lakini kwa hili amekosea, na wako wengi kama yeye.

Kosa la kwanza ni la kushangaza kwa sisi watu wa kompyuta, maana tunalijua sana: anafuata mwongozo wa toleo jingine. Katika NHL, ile ligi kubwa ya kwenye runinga, timu iliyo pungufu inaruhusiwa kukipiga kisahani kutoka kwake hadi mwisho wa upande wa pili bila mchezo kusimamishwa. Ni zawadi ya sheria. Lakini USA Hockey, chama kinachosimamia mchezo huo Marekani, kiliiondoa zawadi hiyo kwa watoto wa miaka 14 kushuka chini tangu msimu wa 2017–18. Mtoto akikitupa mpaka mwisho, refa anapuliza filimbi na kisahani kinarudishwa kule kule karibu na goli lake. Walifanya hivyo makusudi, ili watoto walazimike kujifunza kukimiliki. Na bado kocha anapiga kelele, "Tupa!" Nilihesabu mchezo mmoja: filimbi nne, mara zote nne vijana wetu wakarudi kusimama mbele ya kipa wao, wamechoka zaidi.

Kosa la pili ni kubwa zaidi: anawafundisha kwamba kupungukiwa mtu ni msiba. Si msiba. Katika NHL timu pungufu huokoka takribani mara nne katika kila tano. Edmonton Oilers, katika msimu wa 2022–23 walipoweka rekodi ya ligi kwa kutumia faida hiyo ya mtu mmoja, walifunga asilimia 32.4 tu ya nafasi zao. Yaani hata mbele ya mashine ile, mara mbili katika tatu wale wanne walitoka salama.

Wanaokokaje? Hapa ndipo mchezo huu unaponifurahisha, maana ni kazi yetu kabisa. Seva moja kati ya tano ikianguka usiku, huwezi kuhudumia kila kitu kama kawaida. Ni lazima uwe umeamua mapema utaachia nini. Watu waendelee kulipa, picha za bidhaa zisubiri. Wale wanne nao hufanya hivyo hivyo. Wanajipanga kama mraba mbele ya goli lao, fimbo zao zikiwa chini kwenye barafu kuziba njia za pasi, na wanayaachia maeneo ya mbali. Mpinzani apige kutoka kule karibu na mstari wa buluu au kutoka pembeni kabisa, sawa, kipa ataliona shuti likija. Kinacholindwa kufa na kupona ni katikati, mbele ya lango, na ile pasi ya kukata uwanja kutoka upande mmoja hadi mwingine ambayo humwacha kipa akielea.

Lakini mraba haukai tu kama sanamu. Kuna dalili za kuwafundisha watoto. Mpinzani akikupa mgongo huku akiangalia ubao, mwendee. Kisahani kikirukaruka na hajakituliza, mwendee. Pasi ikiwa ya polepole au imepita nyuma yake, nendeni wawili haraka, na wale wawili waliobaki wasogee katikati. Mtoto wa miaka 12 anaweza kabisa kuzijua dalili hizi tatu. Tatizo ni kwamba kuzifundisha kunahitaji mazoezi ya wiki nyingi, na "tupa" inafundishika kwa sekunde moja.

Na mkishakipata? Tazama kwanza. Kuna mwenzako yuko wazi, mpe. Kuna nafasi ya kuteleza nacho, nenda. Kila sekunde kisahani kiko kwenye fimbo yako ni sekunde ambayo wao hawawezi kupiga. Ukiwa umebanwa kabisa na miguu imekwisha, basi kitoe nje ya mstari wa buluu, hiyo haina aibu. Iwe ya mwisho, isiwe ya kwanza.

Msinielewe vibaya, mimi pia nimewahi kuwa kocha wa "tupa". Niliwahi kuwa na programu iliyokuwa ikila kumbukumbu yote ya seva, na badala ya kutafuta tatizo niliipanga ijizime na kujiwasha kila saa sita usiku. Ilifanya kazi miezi saba. Nilijifunza nini katika miezi hiyo saba? Hakuna.

Kocha aliponijibu (ndiyo, nilimfuata, dada yangu alitamani ardhi immeze) alisema tutafungwa magoli. Kweli, tutafungwa. Wazazi watapiga kelele. Lakini hao ni watoto wa miaka 12, hakuna anayelipwa kwa matokeo ya Jumamosi. Nikamkumbusha kwamba timu pungufu inaweza hata kushambulia: Wayne Gretzky alifunga magoli 73 akiwa upande ulio pungufu, na tarehe 10 Aprili 2010 Boston Bruins walifunga matatu ndani ya sekunde 64 kwenye adhabu moja dhidi ya Carolina. Akacheka akasema yeye hana Gretzky. Haki yake.

Lakini angalieni walichofanya wanawake. Ligi yao ya PWHL, iliyoanza kuchezwa Januari 2024, ina sheria kwamba timu pungufu ikifunga goli, adhabu ya dakika 2 inaisha hapo hapo na mchezaji anatoka kibandani. Mimi naipenda kuliko sheria zote za mchezo huu. Hawakumhubiria mtu kuwa jasiri. Walibadilisha faida, wachezaji wakapata sababu ya kwenda mbele.

Wiki yangu ya mwisho kule tulicheza mbele ya gereji, mimi, dada na mpwa, kwa mpira wa tenisi na fimbo za zamani. Yeye peke yake dhidi yetu wawili, kazi yake ni kuumiliki mpira tu, mimi nikihesabu kwa sauti. Siku ya kwanza alifika sekunde tatu kisha akaupiga mpaka kwa jirani. Siku ya nne alifika kumi na moja. Kwenye ya kumi na mbili dada yangu alimpora, akashangilia barabara nzima ikamsikia.

Ya databesi, Jumatatu.